Jino Kwenye Shuka la Sinema

Shuka lilikuwa jeupe, la kitanda cha futi sita. Lilitundikwa kwa misumari ukutani, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la fundi cherehani pale Nkende. Darasa la filamu halikuwa na skrini nyingine. Kila baada ya sinema, wanafunzi wenye zamu walilishusha, wakalipeleka bombani na kulifua, kwa sababu sinema huacha uchafu.

Bhoke alishaujua uchafu wa kila aina. Sinema ya vita iliacha damu, na damu hutoka kwa maji ya baridi na chumvi. Sinema ya mapenzi iliacha rangi ya midomo na kitu cha kunata kama asali iliyochacha. Kitu hicho kilimganda mpaka viwikoni, na siku hiyo ugali wa mchana haukupita kooni. Sinema ya nyumbu wanaovuka mto, ambayo msimulizi wake alikuwa akisifia uzuri wake tangu mwanzo hadi mwisho, iliacha funza. Magige, aliyekuwa na zamu pamoja naye, aliwafagia akawamwagia kuku wa fundi.

"Kuku hawa," Magige alisema, "wameona sinema kuliko baba yangu."

Hakuna aliyeuliza uchafu ulitokaje. Mwalimu wao, Kornelio, ambaye alizoea kupiga video za harusi na za sherehe za tohara, na ambaye alitaka aitwe Dairekta, aliambiwa habari hizo siku ya kwanza. Kesho yake alikuja na sabuni ya unga, mfuko mkubwa.

Shuka likishaanikwa, kila mwanafunzi alisimama kutoa maoni yake.

"Sitaki mnisimulie sinema," Dairekta alikuwa akisema. "Sinema nimeiona. Nataka kujua imekufanya nini wewe."

Bhoke alikuwa ametoka Matongo. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo hakuzoea kusimama mbele za watu. Zamu yake ilipofika alisimama, akaangalia sakafu, akasema, "Ilikuwa nzuri," akakaa. Mikono yake ilikuwa bado inanuka. Hakuja pale kusema. Alikuja kwa ajili ya kamera, ile nyeusi iliyokaa mezani juu ya kitambaa. Alitaka siku moja aishike, aangalie watu kupitia kile kitundu, wao wasimwangalie yeye.

Alhamisi moja Dairekta akawaonyesha sinema yake mwenyewe. Ilikuwa habari ya mwanamke wa Issenye anayepigwa na mumewe, anavumilia, na mwishoni baba mkwe anampa ng'ombe mtamba kwa uvumilivu wake, na wanawake wanapiga vigelegele. Mume aliigizwa na Dairekta mwenyewe. Mke aliigizwa na Lilian, dada mrefu ambaye siku zote alikaa kiti cha mbele na kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Kofi la uongo linaonekana," Dairekta aliwaeleza kabla ya kuwasha mashine. "Kamera si mjinga. Mimi na Lilian tulirudia mpaka likaja lenyewe."

Lilipokuja lenyewe, ukuta ulitikisika kidogo. Vijana wakapiga miluzi.

"Hapo umeua, Dairekta!" Jackson alipaza sauti kutoka nyuma.

Lilian alicheka, mkono mdomoni.

Siku hiyo sabuni ilikataa kutoa povu. Bhoke alionja maji kwa ncha ya ulimi akakuta yana chumvi ya machozi, akatema. Kulikuwa na mate pia, mazito, ya mtu aliyezuia kulia, yakivutika kama ute wa bamia kila alipokamua. Ndani ya beseni kikagonga kitu kigumu. Lilikuwa jino, lenye mzizi wake, na kipande cha nyama kimeng'ang'ania. Bhoke aliinama kando ya bomba akatapika chai yote. Kisha akalifunga jino kwenye pindo la kanga na kurudi ndani.

"Dada Lilian, nadhani hili ni lako."

Lilian aliligeuzageuza kiganjani. "Eeh, ndilo. Nililitafuta kwenye nyasi kule Issenye mpaka jua likazama." Akalitia kwenye mkoba. "Asante, mdogo wangu."

"Mnaona?" Dairekta aliwaambia wengine. "Huo ndio uhalisia. Haya, maoni."

Wengine walisema sinema inafundisha. Zamu ya Bhoke ikafika. Aliangalia sakafu, lakini neno lake la siku zote halikutoka.

"Imenichefua," alisema.

Dairekta alichukua chaki akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUCHEFUA. Akapigia mstari.

"Mtu mkimya kama huyu, na imemfikia! Mpigieni makofi."

Wakapiga.

"Bhoke, sehemu ya pili mke mdogo ni wewe. Una uso wa mtu anayeumia. Ukimaliza, kamera utaibeba wewe."

Bhoke aliitazama kamera. Kamba yake ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni. Alijua ingemkaa begani namna gani.

"Sitaki kupigwa, Dairekta."

"Kuigiza, Bhoke. Ni kuigiza."

"Na jino la dada Lilian?"

Magige alicheka, akaacha. Dairekta hakukasirika. Alifuta chaki vidoleni, akageukia wengine.

"Haya. Nani?"

Agustina, aliyekaa karibu na mlango, alipitisha ulimi kwenye meno yake, juu na chini, bila haraka. Kisha akanyoosha mkono.

Jioni, mama mdogo wake Bhoke, Waisiko, alisikiliza habari yote huku akichambua dagaa. "Umeiacha kamera kwa ajili ya kofi?" alimuuliza. "Mwanangu, sisi tulipigwa na hatukupewa hata picha."

Sehemu ya pili ilipigwa kulekule Issenye. Siku ya kuonyeshwa ilipigiwa miluzi mingi kuliko ya kwanza, na safari hii baba mkwe alitoa mitamba miwili. Dairekta alikuwa amenunua chujio, akalitundika kwa waya pale bombani, vitu visije vikaziba mfereji.

Zamu ilikuwa ya Bhoke. Alipotoka na shuka, Agustina alikuwa ameshafika bombani anamsubiri. Kamera ilikuwa begani kwake. Mkono mmoja ameziba mdomo, mwingine ameukinga mbele.

"La chini," alisema. "Upande wa kushoto."

Bhoke alifua mpaka jino likagonga kwenye beseni. Akalisuuza kwa sabuni, akalisuuza tena, akampa.