Sahihi ya Kulmiye

Watu wa Isiolo walimcheka Fosia miaka tisa. Mumewe, walisema, ni fundi wa kitu ambacho mjini hapa hakina hata pa kuwekwa, maana jengo refu kuliko yote lina ghorofa moja, na ngazi zake hazijawahi kuharibika. Fosia alicheka nao. Lakini Kulmiye alitunza lifti Nairobi, akaja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kicheko hakijazi kitanda.

Mwaka huo wa 1984 binti yao, Istar, alikuwa anaolewa Ijumaa, na Kulmiye aliapa kuja kumwoza kwa mdomo wake mwenyewe. Jumanne Fosia akaenda posta kumpigia simu, aulize tu atapanda basi gani. Kiogora, karani wa posta, alihangaika na laini karibu nusu saa.

"Mama Istar, ingia. Nairobi iko. Dakika tatu tu."

"Salaam aleikum, Baba Istar. Unafika lini?"

Kulmiye aliitikia salamu, lakini basi hakulitaja. Fosia alimjua mumewe: kulikuwa na jambo.

"Nimefunga lifti ya jengo moja hapa isitumike, ghorofa kumi na mbili," akasema. "Kamba za chuma zimeanza kukatika nyuzi. Mpya zinafika Alhamisi jioni. Ijumaa ndio naziweka, halafu napima na mizigo."

"Fundi mwingine hakuna?"

"Wako. Lakini kwetu yule amefunga lifti ndiye anafungua. Sahihi yake tu ndiyo inakubaliwa kwa kitabu."

"Na mtoto?"

"Ya nikaha naweza kumpa ndugu yangu Abdisalan uwakili. Ya lifti haina wakili." Akashusha pumzi. "Mwenye jengo ananisumbua. Anasema nitie sahihi, itembee na kamba za zamani mpaka Jumatatu, mimi niende harusi. Fosia, ukisema nije, natia."

Miaka tisa alingoja kusikia kwamba neno lake moja lingemrudisha mume. Na tazama siku liliyochagua kuja! Alimtaka.

"Nani anapanda hiyo lifti?"

"Watu wengi. Kuna mama mmoja, Everline, anasafisha juu kabisa. Anapanda na mtoto mgongoni."

"Si ungesema ni mawaziri tu!" Fosia akafoka, machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Mpe Abdisalan uwakili."

Alikuwa na mengi zaidi ya kumwambia, lakini dakika tatu zilikwisha.

Telegramu ya uwakili ilifika Alhamisi. Ijumaa baada ya swala wanaume walikaa sebuleni na sheikh na bwana harusi, wanawake wakakaa nyuma ya pazia. Fosia alikuwa amemsikia shemeji yake Abdisalan miaka ishirini akiwapigia kelele mbuzi aliowabeba kutoka soko la Oldonyiro kwenye lori lake, wala hakuwahi kuisikiliza sauti yake. Sasa, bila kumwona uso, akaisikia ikitamka polepole, "Nimekuoza Istar binti Kulmiye," na ilikuwa sauti ya Kulmiye kabisa. Akafumba macho. Mumewe alikuwa nyumbani.

Sheikh, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, akamwambia Abdisalan arudie. Alirudia, na Fosia akaomba kimoyomoyo mzee asisikie tena.