Mstari wa Kumi

Watu wa filamu walihitaji umati wa kuwashangilia wanajeshi wa Marekani wakishuka pwani ya kusini ya Puerto Rico, katika kuigiza uvamizi wa mwaka 1898. Nyumbani kwa Wilfrido Caraballo ilisimuliwa kwamba mwaka huo ukoo mzima ulikimbilia milimani na mbuzi wao. Mwongozaji alisema watu wanaokimbia hawapendezi kwenye picha.

Wilfrido, malenga kijana, aliajiriwa kuwaimbia wageni ubeti wa mistari kumi. Mwongozaji akampa mstari wa mwisho: "Karibuni, wakombozi." Malenga wa huko hakatai mstari aliopewa. Akikataa, haalikwi tena popote, hata Krismasi. Tisa hutunga mwenyewe papo hapo. Wa kumi huitikiwa na watu wote.

"Ukiwaimbia hayo," alisema shangazi yake Providencia, akigeuza ndizi kwenye mafuta, "gitaa la babu yako lirudishe. Nitalitumia kuanikia samaki."

"Mstari ukishatolewa umetolewa, shangazi."

"Basi uwe bubu."

"Nikiwa bubu nitakula nini?"

"Si hizi."

Siku ya kupiga picha, shangazi naye alikuwa kwenye umati, amevalishwa kofia ya maua. Mashua zikafika. Wilfrido akaimba mistari tisa: milima, mbuzi, mama aliyebeba mtoto na chungu. Mwongozaji, asiyejua Kihispania, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha Wilfrido akanyamaza, akawageukia watu wa mji wake, kama desturi inavyotaka.

Hakuna aliyefungua kinywa. Jogoo aliwika.

"Heshima iliyoje," alisema mwongozaji. "Imetosha."

Mwaka uliofuata filamu ilionyeshwa kwenye kitambaa cheupe uwanjani mbele ya kanisa. Mashua zikafika. Umati ukaitikia mstari wa kumi kwa sauti nene, zilizorekodiwa kwingine, huku midomo yote kwenye kitambaa ikiwa imefumbwa.

Shangazi alijitazama chini ya kofia.

"Nani huyo anaimbia kwenye mdomo wangu?"

"Wenye filamu, shangazi."

"Ana sauti nzuri." Akafuta mikono. "Umekuja na gitaa?"

"Ninalo."

"Chukua mstari: Tulifunga vinywa vyetu."

Wilfrido akasimama mbele ya kitambaa, mashua zikimpita kifuani, akatunga tisa. Alipofika wa kumi, uwanja mzima uliitikia, na filamu haikusikika tena.

Baadaye alipewa ndizi. Zilikuwa zimepoa. Alikula zote.