Ndiyo ya Adabu

Losaline alianguka mtihani kwa sababu ya adabu. Si kwa uvivu, wala si kwa hesabu za asilimia, maana sheria zote za kuuza nyumba alikuwa amezikariri kiwandani, mdomo unarudia vifungu huku mikono inafunga kuku wa barafu. Alianguka kwa neno moja tu, "ndiyo," alilomjibu baba yake mzazi mbele ya kamera.

Somo la mwisho kabla ya leseni lilikuwa igizo. Mwanafunzi hurekodiwa akizungumza na mwenye nyumba anayetaka kuuza, na mwenye nyumba huyo aweza kuwa jirani au ndugu, mradi afuate agizo la chuo: katikati ya mazungumzo amwombe wakala afiche kasoro. Losaline alimchukua baba yake, Mzee Maka Vaipulu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani. Mzee akasema kama alivyoelekezwa, "Ule ukuta unaovuja usiwaambie wanunuzi." Naye Losaline, aliyekuwa ameketi mkekani chini ya kiti cha baba yake kama binti yeyote wa visiwa vya Tonga aliyefunzwa akafunzika, akainamisha macho na kusema, "Ndiyo, baba."

Hakuwa amekubali, jamani. Ndiyo ile ilimaanisha nimesikia, endelea, maneno yako hayajaanguka chini. Mangere nzima, mtaa wao wa wahamiaji wa visiwani, inaijua. Lakini msahihishaji wa chuo hakulelewa Mangere. Aliandika kwamba mwanafunzi amekubali kumdanganya mnunuzi, na mtu wa namna hiyo hapewi leseni. Akamruhusu arudie mara moja. Akianguka tena, ataanza kozi upya, na ofisi ya mawakala iliyomwekea kiti haitamngoja. Walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo, tena kwa tabasamu.

"Safari hii nitamwomba Lavinia wa jirani," alisema Jumamosi asubuhi.

"Lavinia? Huyo atacheka mpaka aanguke kitini," alidakia mama yake, Ofa, kutoka kwenye kochi, kisha akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa mkazi wa nyumba ile kama wao. Kilihamia majira ya baridi ya kwanza tu baada ya wao kuhamia.

Mzee Maka alikuwa akimenya magimbi jikoni. "Mimi ndiye niliyeliharibu, nitalitengeneza mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Ila leo unijibu."

"Nikujibu vipi, baba?"

"Kama wanavyojibu wenye leseni."

"Makubwa haya," Ofa alisema. "Mtu ametoka visiwani ambako ardhi haiuzwi hata kwa mfalme, leo anamfunza mtoto kuuza."

"Haiuzwi kule. Huku tuliuziwa, au umesahau?"

Ofa akainuka kutafuta simu.

Ni rahisi kusema "unijibu." Tangu azaliwe Losaline hakuwahi kugusa kichwa cha baba yake wala kula kilichobaki kwenye sahani yake, na neno "hapana" halikuwahi kutoka kinywani mwake kuelekea upande aliokaa mzee. Alijifungia bafuni akalijaribu mbele ya kioo. Lilitoka limepinda, kama mtu anayeomba radhi. Akaogopa kweli. Alijiona akirudi kiwandani Jumatatu, na Jumatatu nyingine, vidole vimekufa ganzi, mpaka uzee.

Aliporudi sebuleni, mama yake alikuwa tayari ameshika simu. Losaline alitazama mkeka, kisha akavuta kiti cha mezani na kukaa uso kwa uso na baba yake.

"Karibu tuzungumze, Bwana Vaipulu," alianza.

Ofa akaangua kicheko. "Samahani. Bwana Vaipulu! Haya, anza tena."

Wakaanza tena. Losaline aliuliza habari za paa, za mabomba, za mpaka na jirani, na sauti yake ikaanza kukaa sawa. Ndipo mzee alipoegemea mbele.

"Ukuta wa chumba cha nyuma unavuja. Usiwaambie."

Losaline alifungua mdomo. Mzee hakumngoja.

"Paka rangi, halafu lisukume kabati kubwa lifunike. Waambie ni zawadi, tunawaachia. Mvua ikija watakuwa wamekwisha kutia sahihi. Na hawa wa visiwani hawana shida. Hawaulizi mara mbili. Ukiwatazama usoni, wanasema ndiyo."

Hayo hayakuwa kwenye agizo la chuo. Losaline alimtazama baba yake, kisha mlango wa chumba cha nyuma, wanakolala wazazi wake. Humo kulikuwa na kabati kubwa lisilowahi kusogezwa tangu wanunue nyumba. Lilikuwa zawadi ya aliyewauzia. Nyuma ya simu, mama yake alikohoa, akajizuia, akakohoa tena. Losaline akasikia hasira na huruma vikimpanda pamoja, na akili yake ikatulia kabisa.

"Hapana," alisema.

Mzee hakupepesa macho. "Nyumba ni yangu."

"Ni yako, na siri ikiwa yako, mimi si wakala wako. Hapana, Bwana Vaipulu. Atakayelala chumba kile ana mapafu. Nitamwambia ukuta unavuja, nitamwonyesha, halafu aamue mwenyewe. Kama hutaki, tafuta mwingine."

Ofa aliishika simu kwa mikono miwili.

"Yule wetu alikuwa na tai nzuri," Mzee Maka alisema mwishowe, kwa sauti yake ya kawaida. "Nilimwuliza kwa nini kabati limesimama mahali pabaya vile. Akacheka, akanipiga bega. Nikasema ndiyo. Nikamwambia na asante."

"Hukujua, baba."

"Nilihisi. Niliona haya kuuliza tena."

Ofa alizima simu. "Imeingia yote, na kikohozi changu kimo. Turudie?"

"Usirudie," alisema mzee. "Kiache."

Losaline akaituma video chuoni jinsi ilivyokuwa. Alipoinua macho, baba yake alikuwa bado anamtazama.

"Lile neno lako. Sema tena, nisikie."

Losaline alicheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki.

"Hapana, baba."

"Ndiyo," alijibu Mzee Maka, akainamisha macho. Kisha akainuka, akaenda chumba cha nyuma, na punde wakasikia miguu ya kabati ikikwaruza sakafu.