Sahihi ya Ng'ambo

Nianze na kosa langu, maana wenzangu nao wanaanzia hapo hapo: sahihi ni yangu. Sikupigwa, sikuleweshwa. Niliinama juu ya boneti ya gari la mpima ardhi nikaandika jina langu vizuri kabisa, kwa mwandiko niliosifiwa nao shuleni. Haya, mkishanicheka, nisikilizeni.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu ya vyumba vitatu iko kule chini karibu na mto, kwenye kipande alichonipa baba nilipoachika nikarudi nyumbani, miaka tisa sasa. Baba ameshatangulia. Amebaki mama, anayekaa kwa kaka yangu mkubwa, na huyo kaka kijiji kizima kinamwita Katibu, kwa sababu haijawahi kuundwa kamati asishike kalamu yeye. Tulipokubaliana kuandikisha ardhi yetu ya jamii ili tupate hati, nani mwingine angeandika? Na haraka tulikuwa nayo. Kuna mwenye tanuri la matofali aliyekuwa akiumezea mate ukingo wote wa mto kwa ajili ya udongo wake. Sisi tulikuwa tunalinda ardhi kwa maneno, na maneno hayana muhuri.

Siku ya kutembea mpaka niliongoza mimi. Msishangae. Niliolewa ng'ambo ya mto nikakaa huko miaka kumi na moja, kwa hiyo alama nazijua za pande zote mbili: jiwe lililopasuka, kichuguu, mtaro wa zamani, mpaka pale maji yanapokunja kona. Mpima alinifuata na mtambo wake begani, viatu vimejaa matope, kila hatua akiuliza, "Hapa?" nami namjibu, "Bado, mwanangu, twende."

Tulipomaliza, majirani wa ng'ambo waliotakiwa kuthibitisha mpaka walikuwa hawajatokea. Walikuwa na msiba, wakatuma mtu kusema hawana ugomvi na sisi. Mpima akatikisa kichwa. Fomu ina mistari miwili, akasema, mmoja wa upande huu, mmoja wa jirani. Jirani asipotia sahihi fomu haifungwi, na yeye kurudi huku ni baada ya miezi mitano.

Kaka akanivuta pembeni. "Dada, kule si umekaa miaka kumi na moja? Tia wewe."

"Mimi? Mimi si wa huku?"

"Ni karatasi tu. Mpaka ni ule ule, hakuna aliyedhulumiwa."

"Haitanirudia mwenyewe?"

Akacheka. "Tumetoka tumbo moja, nikutumbukize shimoni?"

Nikatia. Mpima hata hakuuliza natoka wapi. Aliyezijua alama za kule, kwake alikuwa mtu wa kule. Ninyi mngekataa? Acheni uongo.

Baadaye orodha ya wanajamii na ramani ya viwanja vikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Siku sitini, mwenye pingamizi aseme. Mimi sikwenda kusoma. Nikasome nini, na mwandishi ni kaka yangu? Hata wateja waliponiuliza niliwajibu kwa kiburi, "Katibu hakosei." Siku ya hamsini na tatu nilikuwa nampima kiuno muuza mboga wa sokoni, akaniambia, "Fundi, mbona jina lako sikuliona pale?"

"Vaa miwani," nikamwambia.

"Nilivaa."

Nilitoka mbio na futi shingoni. Nilisoma kwa kidole mara tatu. Kaka yupo. Mkewe yupo. Mama yupo. Watoto wao wapo, hadi yule aliyetimiza miaka kumi na minane juzi. Mimi sipo. Kwenye ramani, nyumba yangu imekuwa kiwanja namba arobaini na moja, na pembeni limeandikwa jina la mtoto wa kwanza wa kaka, anayetafuta pa kujenga ili aoe. Mwandiko wa kaka naujua tangu tukiandika kwa vijiti mchangani. Nikaenda moja kwa moja kwa kaka.

Nilimkuta barazani kwake ananyoa ndevu, kioo amekiegemeza kwenye dirisha. Hakugeuka.

"Umesahau jina," nikasema.

"Sijasahau. Mtu hawezi kuandikwa pande mbili. Wewe umesaini ng'ambo."

"Si wewe uliyeniambia nisaini!"

"Nilikuambia. Mkono sikukushika."

Yarabi! Nilitamani wembe ule umteleze. "Na nyumba yangu je?"

"Utakaa tu. Nani atakufukuza? Kijana hana neno, ukimwomba atakuacha."

"Nimwombe? Mtoto niliyemshonea kaptula yake ya kwanza, nikapige hodi kwake kuomba ninapolala?"

Ndipo akageuka, povu nusu ya uso. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliniuma kuliko maneno. "Dada, ukisema sahihi ile ni ya uongo, mpaka unafutwa. Mpaka ukifutwa, faili zima linarudi mwanzo, na mwenye tanuri anatupita. Watu zaidi ya mia mbili hao. Wewe una hasira lakini huna roho mbaya. Nakujua."

Nikaelewa. Hakuteleza. Pale kwenye gari, akicheka vile, hesabu alikuwa ameshaipiga, na kitu alichokitegemea ni huruma yangu. Adui wa mtu ni nani? Si huyo huyo aliyekula naye sahani moja?

Siku ya sitini afisa ardhi alikuja kusikiliza mapingamizi darasani. Mwanamke wa makamo, hana maneno mengi, kalamu mbili kifuani. Watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kidevuni. Nilikuwa nimeapa moyoni kutogusa habari ya sahihi. Nitaomba kuingizwa kwenye orodha tu, basi. Kijiji kizima kinajua ninapoishi.

Nikasimama nikaomba. Afisa akafunua faili. "Hii sahihi ya jirani, ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi wewe ni mkazi wa ng'ambo."

"Nilirudi, mama. Miaka tisa."

"Nani anathibitisha?"

Nikageuka nyuma. Nguo zilizovaliwa mle ndani nusu nimezishona mimi. Mwalimu anatazama dari. Muuza mboga anafunga na kufungua kitambaa chake cha kichwa. Wote wanataka hati, na wote walishanong'onezwa na Katibu kwamba ubishi wowote utachelewesha.

"Mama yangu yule pale," nikasema. "Muulizeni aliyenizaa."

Afisa akamwuliza kwa heshima, "Bibi, huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Anaishi wapi?"

Mama akamtazama kaka. Halafu akatazama mikono yake, akaanza kuipangusa kama ina unga. "Aliolewa ng'ambo," akasema.

Ni kweli, niliolewa. Uongo haumo hata chembe. Afisa akaandika, kisha akaniuliza kama nina la kuongeza.

Kaka alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote. Ananijua, si ndiyo?

"Ninalo," nikasema. Nikaeleza yote, boneti, msiba wa ng'ambo, karatasi tu, tumbo moja. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akachukua ile fomu ya mpaka, akaipiga mstari kutoka kona hadi kona. "Hakuna jirani aliyethibitisha," akasema. "Mtaanza upya."

Zogo lililozuka sitaweza kulisimulia. Watu walisimama na madawati yao. Kaka alipiga kelele, "Umeuza kijiji kizima kwa kiwanja kimoja!" Nami nikamrudishia, "Uliyeanza kuuza ni wewe, na ulimuuza dada yako!" Muuza mboga, aliyeniambia mwenyewe kuwa jina langu halipo, alipita mbele yangu akasonya. Nao nawaelewa. Wana watoto.

Nilimfuata mama nje, nikamshika mkono kando ya ukuta wa choo cha shule. Nilikuwa nalia kwa hasira, sifichi. "Mama, kwa nini? Neno moja tu lilikushinda?"

"Ningesema," mama akanijibu, "leo ningelala wapi? Nalala kwa nduguyo, mwanangu. Nakula kwake."

"Ungelala kwangu! Vyumba vitatu vile, nalala peke yangu!"

Akanitazama, na naapa hakuwa na ubaya wowote usoni, alitaka tu kujua. "Kwako ni wapi sasa?"

Nilinyoosha mkono kuelekea mtoni. Kisha nikaushusha, maana sikujua tena pale pamebaki kuwa pa nani.