Pigo la Kumalizia

Mzee Kaza alipigilia misumari kwa miaka arobaini na mmoja, na jina hilo la Kaza alipewa na wateja, si wazazi wake. Milango aliyotengeneza akiwa kijana mpaka leo unaifunga kwa kidole kimoja. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa pigo moja la ziada. Seremala mwingine akiona kichwa cha msumari kimegusa ubao, anaachia hapo. Yeye anaongeza moja, taratibu, hadi kichwa kizame kidogo ndani ya mti. Aliliita pigo la kumalizia.

Kisha watu wakaacha kuvisha kuta zao mbao. Wakaanza kuvisha paneli za plastiki, zile ndefu zenye mistari kama mbao, ambazo hazidai rangi wala mchwa hawana habari nazo. Kwa miaka miwili mzee akawa mtu wa barazani, ananoa misumeno isiyokwenda popote. Aliyetoka na ngazi asubuhi ni binti yake wa pekee, aliyejifunza kazi ya paneli mpaka mtaa mzima ukamwita Fundi, basi, bila kuongeza neno.

Siku moja mzee akamwambia, "Nichukue."

"Nikupeleke wapi, baba?"

"Kazini. Nimechoka kuangalia wapita njia. Yule wa baiskeli leo kapita mara nne, na mara zote hajabeba kitu."

Fundi alikuwa anakunja ovaroli yake. Alikunja mguu mmoja, akakunja wa pili, ndipo akajibu.

"Ukuta mmoja. Nyumba ya Mwalimu, upande wa nyuma. Ukuta ukitoka vizuri, tunafanya kazi pamoja. Usipotoka vizuri, unarudi kwenye kiti chako na hatuzungumzi tena habari hii. Siwezi kuwa napita nyuma ya baba yangu narekebisha mbele za watu."

"Sawa," alisema mzee, na usiku huo hakumaliza chakula.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nyumba yake ilikuwa ya mbao za zamani, na mvua ilikuwa imeshaula ukuta wa nyuma hadi ukibonyeza unabonyea. Fundi alikuwa amebadilisha mbao zilizooza, akapigilia fito, akapima kwa pima maji na kufunga reli ya kuanzia chini kabisa. Kona pia alishazisimamisha. Paneli alizikata zote mwenyewe, akazilaza kivulini. Kilichobaki kilikuwa kupanda nazo, safu juu ya safu.

"Sikiliza, baba," alisema, ameshika paneli moja. "Mdomo wa chini unang'ata ile iliyo chini yake. Unasukuma juu mpaka usikie tak. Huku juu kuna matundu marefu, unayaona?"

Mzee aliyaona. Yalikuwa kama macho ya mtu anayesinzia.

"Msumari unakaa katikati ya tundu. Na kichwa hakigusi plastiki. Unaacha nafasi, unene wa ukucha. Hii kitu jua likiipiga inarefuka, lazima ipate pa kwenda. Imening'inia tu, baba. Haikubanwa."

"Ukuta unaning'inia kama shati."

"Kama shati. Umeelewa."

Akaenda upande wa mbele kuyazungushia madirisha vipande vya bati, kazi ya vipimo vidogo vidogo isiyotaka kelele, akamwacha baba yake na ukuta.

Safu tatu za kwanza mzee alizifunga kama alivyoambiwa. Kisha akainuka, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama ukuta, akausogelea tena na kuugusa kwa kiganja. Paneli ikacheza. Akaisukuma kushoto, ikaenda kushoto. Akaisukuma kulia, ikaja kulia. Upepo ukapita, ukuta ukagongagonga kama sahani kabatini.

Aliangalia kona ya nyumba. Binti hayupo. Alimfikiria Mwalimu amelala humo ndani huku ukuta unagonga meno, na watu wakiuliza nani kafunga, waambiwe ni Kaza. Akachukua nyundo, akaurudia msumari wa kwanza, akauongezea pigo moja. Tap. Akaenda wa pili. Alipomaliza safu tatu, ukuta ulikuwa umetulia kimya kama watoto walioona fimbo. Safu zilizofuata hakujisumbua na ukucha.

Kufika adhuhuri alikuwa amefunga safu kumi na moja. Ukuta ulikuwa bado kivulini, baridi, umenyooka kama daftari jipya. Mwalimu alitoka na chai, akashusha miwani ya kichwani ili aone vizuri.

"Mzee, mkono wako haujazeeka."

"Mkono hauna habari za miaka, Mwalimu. Ni magoti ndiyo yanayohesabu."

Alikunywa chai yake amekaa juu ya kopo la rangi, ameridhika. Jua nalo likapanda juu ya paa, likaanza kushuka upande wa nyuma.

Kwanza alisikia sauti. Tak. Kimya kidogo. Tak, tak. Akadhani ni paka juu ya bati. Alipogeuka aliona safu ya nne imejikunja katikati, imetoka nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Halafu ya tano. Halafu zile za chini ya dirisha zikajivuta kama mawimbi, na mwanga wa jua ukapanda na kushuka juu yake.

Mwalimu alikuja kuchukua kikombe. Akasimama.

"Huu ukuta una mimba?"

Mzee akainuka kwenye kopo lake.

"Asubuhi haukuwa hivi," Mwalimu aliendelea kwa upole. "Labda plastiki yenyewe ni mbovu. Siku hizi vitu vingi vinakuja vibovu tangu kiwandani. Mwambie binti azirudishe dukani."

Neno lilikuwa limewekwa mbele yake kama kiti. Alichotakiwa ni kukaa tu. Fundi alitokea konani na mkasi wa bati mkononi, akautazama ukuta, akaenda moja kwa moja safu ya nne. Akaweka kiganja, akasukuma kushoto. Haikwenda. Akasukuma kulia. Haikwenda.

"Mwalimu anasema labda mali ni mbovu," alisema mzee.

"Wewe unasemaje?"

Mzee alikitazama kikombe cha chai. "Mali ni nzima. Nilikaza mimi. Tatu za kwanza nilizifunga ulivyosema, nikarudi nikazikaza nazo."

Mwalimu akakumbuka kwamba kuna kitu jikoni, akaingia ndani.

"Kwa nini, baba?"

"Ukuta ulikuwa unagonga. Nisingeweza kulala."

Fundi alipangusa jasho kwa mgongo wa mkono. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma mzee kuliko kelele. "Tunashusha zote," alisema.

Alimpa baba yake kindoano cha kufungulia paneli, nao wakaanza juu wakishuka, mzee anaingiza kindoano kwenye mdomo, anavuta, paneli inaachia. Misumari mzee aliing'oa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na kila uliotoka ulilia. Bahati paneli mbili tu zilipata mkunjo usiofutika. Wakaanza upya kutoka chini, safari hii binti amesimama pembeni anaangalia.

Msumari wa kwanza ulikaa vizuri. Wa pili pia. Wa tatu, kichwa kilipobakiza ukucha, mkono wa mzee ukainuka wenyewe, tap, ukamalizia. Akaung'oa. Wa nne ukawa sawa. Wa tano, tap.

"Sikusudii," alisema.

"Najua."

"Ni mkono."

"Najua, baba. Miaka arobaini." Akavuta pumzi. "Acha tu. Nitamalizia mimi."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaogopa tangu jana jioni. Mzee akaweka nyundo chini, lakini hakwenda kukaa.

"Nipe dakika kumi."

"Za nini?"

"Nipe tu. Umengoja mpaka ukuta upate mimba, utashindwa kungoja dakika kumi?"

Fundi alitaka kukasirika, cheko likamponyoka. Mzee akaenda kwenye mabaki ya bati, akaokota kipande cha ukubwa wa kadi, akakikunja mara mbili, akakigonga kikalala. Kisha kwa mkasi wa binti yake akakata ufa kutoka ukingoni hadi katikati, upana wa msumari, kama pengo kati ya meno. Akaokota nyundo, akarudi ukutani. Akaanza kupigilia msumari, akatelezesha bati chini ya kichwa chake, ule ufa ukikumbatia shingo ya msumari. Akapiga mpaka kichwa kikagusa bati. Akaongeza pigo la kumalizia. Halafu akalitikisa bati kidogo, akalichomoa kama barua chini ya mlango.

Chini ya kichwa cha msumari ikabaki nafasi, unene wa ukucha kamili.

"Mkono upige unavyotaka," alisema. "Pigo la ziada litaliwa na bati."

Akafunga safu tano hadi giza lilipowakaribia, na binti akarudi kwenye madirisha yake bila kuaga.

Kesho yake walimaliza safu zilizobaki karibu na adhuhuri. Kazi ya upande wa jikoni ilikuwa inangoja, lakini hakuna aliyeitaja. Jua lilipovuka paa, wote wawili walikuwa wameshakaa juu ya makopo ya rangi, wanautazama ukuta kama watu wanaongoja daktari atoke. Mwalimu naye alileta kiti chake.

Jua likashuka hadi chini. Paneli zikapata moto. Hakuna kilichotoka nje. Upepo ulipopita, ukuta uligonga kidogo, mzee akakunja uso.

"Nitakuzoea tu," Mwalimu aliuambia ukuta.

Fundi aliinuka, akaweka kiganja kwenye safu ya nne. Akasukuma kushoto, ikaenda. Akasukuma kulia, ikaja. Alipita safu zote kumi na tisa hivyo hivyo, zile za juu kwa ngazi, hakuruka hata moja. Aliposhuka alinyoosha mkono.

"Lile bati lako."

Mzee akampa. Fundi akaligeuza, akalipima kwa kidole, akalirudisha.

"Nikatie na mimi moja," alisema. "Halafu twende upande wa jikoni. Ngazi shika nyuma, mbele nitashika mimi."

Mzee Kaza akatafuta mkasi wa bati. Ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe.