Macho Mekundu kwenye Bango la Tinde

Akida hakumwamini yule kijana tangu alipopiga hodi. Mtu mwenye suruali iliyopigwa pasi namna ile, katikati ya vumbi la Shinyanga, mwaka wenyewe themanini na nne ambapo kipande cha sabuni kilikuwa hakionekani dukani, huyo lazima ana lake jambo. Isitoshe alishika bahasha ya kaki. Watu wa bahasha za kaki Akida aliwajua: ama ni wa kodi, ama ni wale wanaouliza maswali bila kusema wametumwa na nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unauza, sitaki. Kama una kazi, sema upesi, rangi yangu inakauka."

Kijana akajieleza. Jina lake Stanslaus, kwao Tinde, anasoma chuo kimoja Dar es Salaam, na anachosomea ni kutengeneza filamu. Tayari ana filamu yake ya dakika ishirini aliyoipiga hukohuko Tinde, juu ya wachimba dhahabu, na ataionyesha Jumamosi ya wiki ijayo kwenye ghala la pamba. Sasa mwalimu wake anataka na mabango. Tena si mabango ya hivi hivi. Mtu akiliona bango kwa mbali, hata kabla hajasoma neno, ajue hiyo ni filamu ya aina gani.

Hapo Akida akalegea kidogo. Kama kuna mtu mji mzima aliyezijua kanuni hizo, ni yeye. Miaka kumi na minane alikuwa mchoraji wa jumba la sinema, na picha za Kihindi zilipita mikononi mwake zote. Ya mapenzi, unalaza vichwa viwili pamoja na kupaka waridi nyuma yake. Ya ngumi, shati la shujaa linachanika bega la kulia na herufi zinakuwa za njano. Ya kutisha, uso unamulikwa kutoka chini, kijani kwenye mashavu, herufi zinachuruzika, na macho unayatia wekundu. Kanuni hiyo haikuwa na mjadala. Hata mtu asiyejua kusoma alijua kwamba mwenye macho mekundu kwenye bango ndiye wa kuogopwa.

"Yako ni ya aina gani?" akauliza.

"Ya kutisha. Shimo linaporomoka, watu wanakufa, na kuna bibi anashukiwa."

"Ndiye mchawi?"

Stanslaus akatabasamu. "Mwisho hausemwi kwenye bango, mzee. Na hiyo ni kanuni pia."

Akida hakulipenda tabasamu lile. Mchoraji anafichwa nini? Lakini kazi zilikuwa za kuokoteza siku hizo, akajinyamazia. Kijana akatoa kwenye bahasha picha moja, nyeusi na nyeupe, ya mama mzee aliyejifunga kitambaa kichwani na kuitazama kamera bila kucheka. Akida akamwuliza huyo ni nani. Akaambiwa ni mama mmoja tu wa kijijini aliyekubali kuigiza.

Alichora sita kwa siku mbili. Uso aliuweza barabara, kila kunyanzi mahali pake, maana hakuwa mtu wa kulipua kazi. La mwisho lilipokuwa linakauka mkewe, Zuwena, alitoka jikoni na kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Huyu mama wa watu amekukosea nini?"

"Amekaa kwenye filamu ya kutisha."

"Na wewe umemtisha kweli," akasema Zuwena, akarudi kwenye jiko lake la mkaa.

Mabango yakaenda Tinde siku ya Jumatatu. Alhamisi akaja Maulidi, mfanyabiashara wa hukohuko Tinde ambaye Akida alikuwa amemwandikia kibao cha duka. Maneno ya kibao yalipokwisha, Maulidi hakuondoka. Alisogeza kigoda karibu, akaangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Nikuulize kitu, Akida. Yule Mama Makoye, nani alikuambia habari za macho yake?"

"Mama Makoye gani?"

"Usinifiche mimi. Yule wa kwenye bango. Wewe hujafika Tinde mwaka wa tatu huu, na macho umeyachora vilevile yalivyo. Mekundu. Watu wanasema hata wa mjini, asiyemjua, ameshajua."

Hakuna mtu wa nchi ile aliyehitaji kuelezwa maana ya maneno yale. Vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga vijijini kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi wenyewe ulikuwa ni macho mekundu tu. Ya kwenye bango aliyapaka rangi ile Akida mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu kanuni ilisema hivyo, na picha ilikuwa nyeusi na nyeupe haina la kusema. Usiku ule hakupata usingizi wa maana.

Jumamosi asubuhi alibeba kopo lake jeupe, kopo lake jekundu na brashi mbili, akadandia lori la mbegu za pamba. Stanslaus alimpokea Tinde kwa furaha, anasema mabango yamefanya kazi, watu watajaa. Akida alimkata kauli. "Nipeleke kwa yule mama. Sasa hivi."

Mji wa Mama Makoye ulikuwa nje kidogo, uzio wa minyaa, nyumba mbili. Walimkuta jikoni, ameinamia chungu, na moshi umejaa mle ndani hadi mlangoni. Miti hakuna upande ule, wameshaimaliza zamani. Watu hupikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ni wa kuchoma. Alipotoka na kuinua uso, Akida aliyaona macho kwa macho yake. Yalikuwa mekundu kabisa, yanatoka machozi kwenye kona.

"Mwadila, mayu," akamsalimu yule mama kwa Kisukuma chake cha mjini.

"Mwadila. Wewe ndiye uliyenichora?"

"Ni mimi, mama."

"Jirani zangu walikuwa wanakuja kuomba moto kwangu kila asubuhi. Tangu Jumanne hakuna aliyekuja. Juzi nimekuta majivu yamemwagwa mlangoni, na si mimi niliyeyamwaga." Akajifuta jicho kwa ncha ya khanga. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu, mama, haki ya Mungu. Ni kanuni ya mabango tu."

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi najua macho yangu ni ya moshi. Kawaambie wao."

Stanslaus alisimama kando, suruali yake ya pasi imeingia vumbi, hana tabasamu tena. Alianza kusema kwamba filamu yenyewe inamsafisha yule bibi, kwamba mwishoni inajulikana magogo yaliyoshikilia shimo yalikuwa yameoza, hapakuwa na uchawi wowote. Akida alitamani kumzaba kibao.

"Na hilo ukanificha mimi, niliyekuwa nashika brashi," akamwambia. "Ungesema, ningempaka rangi nyingine."

Saa tisa alasiri ghala lilikuwa limezungukwa. Watu walisimama mbali na bango la mlangoni, wanalitazama kwa pembeni, wananong'ona. Mbele yao alikuwa Mihayo, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, upinde begani. Huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho Tinde nzima kuhusu nani akae na nani ahame, na wengine walikuwa wanahamishiwa ardhini. Akida aliogopa, tena sana. Lakini angerudi vipi nyumbani akamwambie Zuwena kwamba alifika na akanyamaza?

"Wewe ndiye mchoraji," akasema Mihayo. "Tueleze. Nani alikuonyesha macho ya huyu mama?"

"Nitaeleza kwa kazi, mzee, mdomo wangu hamtauamini. Naomba usimame hapo, usitikisike."

Akageuza bango moja upande wa nyuma, akalibandika ukutani, akaanza. Taya la Mihayo likatokea, pua yake pana, kovu la kwenye nyusi. Watu wakaanza kusogea. Mmoja akacheka, akasema ni yeye mtupu. Akida akatia kivuli kutoka chini, akachovya brashi kwenye kopo jekundu, akamjaza macho yote mawili.

Kicheko kikafa. Ukutani alikuwepo mchawi, na sura yake ni ya kiongozi wao. Mwanamke mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

"Futa," akasema Mihayo.

"Nitafuta. Kwanza waambie, macho yako ni mekundu?"

"Macho yangu hayana kitu. Wote wanayaona."

"Basi nani ameniambia ni mekundu?"

Mihayo alilitazama lile bango, akawatazama watu wake waliokuwa wanamtazama yeye kwa namna ambayo hakuizoea.

"Hakuna aliyeniambia," akaendelea Akida. "Yeyote nitakayeweka kwenye bango la kutisha, macho yake nayapaka hivi. Ningemchora padri, ningempaka hivi. Mama Makoye nilimpaka kabla sijamwona, kama nilivyokupaka wewe sasa hivi. Yake ni ya moshi. Kosa ni langu."

"Nimesikia," akasema Mihayo mwishowe. "Tumesikia wote. Sasa futa, bwana."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa kupumua. Akida akafuta macho ya Mihayo, kisha akachukua kopo jeupe na kuyapaka macho ya yule mama kwenye bango la mlangoni mbele ya wote. Milango ya ghala ikafungwa, giza likaingia, filamu ikaanza. Magogo yaliyooza yalipoonekana mwishoni, watu walipiga makofi. Stanslaus alilia kidogo pale kwenye mashine yake, na Akida akajiona amemaliza kazi. Alitoka nje kuosha brashi.

Nyuma ya ghala alikuta mtu anamsubiri. Kijana mrefu, mikono imejaa sugu, panga kiunoni kama wachimbaji wote. Alisema anaitwa Makoye, amefika juzi kutoka machimbo ya Bugarama, na yule ni mama yake.

Akida akampa mkono kwa furaha. "Basi mambo yamekwisha, mwanangu. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Wale umewaweza." Makoye hakuuachia mkono wake. "Mimi niambie ukweli, mzee. Nimechimba mashimo matatu, yote yametoa maji. Mwenzangu amefia humo. Mganga wa kule aliniambia mbaya wangu ni wa nyumbani kwetu, nikakataa. Nafika hapa, nakuta picha. Wewe nani alikutuma unionyeshe?"

Alikuwa anauliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Akida baridi. Watu mia mbili walikuwa wameelewa, na huyu mmoja hakuelewa, naye ndiye aliyelala nyumba ya pili ndani ya uzio uleule.

"Hakuna aliyenituma," akasema, akautoa mkono wake polepole. Hakubishana zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Makoye, akamwambia lori linarudi Shinyanga kabla ya jua kuzama, na kwamba mke wake anahitaji mtu mzima wa kukaa naye. Uongo huo ulikuwa mwepesi, na yule mama aliuona.

"Ni Makoye?" akauliza.

Akida aliinamisha kichwa. Mama Makoye alifunga khanga mbili, akachukua rozari yake iliyokuwa imetundikwa msumarini, akauzima moto wake mwenyewe kwa maji.

Zuwena alimpokea kama shangazi aliyechelewa. Pale walipikia mkaa, na asubuhi mbili kwa wiki alimpeleka zahanati kutiwa dawa ya macho. Jumapili yule mama alikwenda kanisani, Ijumaa alimkumbusha Akida muda wa msikiti, akamfanyia utani kwamba anachelewa sana kwa mtu mwenye kanzu nzuri. Mwezi wa kwanza machozi yakakauka. Mwezi wa pili wekundu ukaanza kuondoka, kona kwa kona, na Zuwena akawa anampa kioo cha mkononi ajionee.

Makoye alikuja mwezi wa tatu, asubuhi. Mama yake alikuwa uani, anachambua mchicha. Kijana akasimama mbele yake, kofia mkononi, akainama kidogo kama mtu anayechungulia shimo, akamwangalia jicho la kulia, kisha la kushoto. Akida alikuwa ameacha brashi yake, yuko mlangoni.

"Kumbe," akasema Makoye. "Kumbe kweli ulikuwa moshi, mayu."

Mama Makoye aliweka chini fungu la mchicha. Alimtazama mwanawe kwa yale macho meupe aliyokuja kuyakagua.

"Na kama yangebaki mekundu, Makoye?"