Nguo ya Hatua Hamsini

Madaktari wa Aklandi, ng'ambo, walimpa Vaimoana miezi kumi na minane. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Uvimbe bado uko palepale ndani ya ubongo, nyuma ya sikio la kushoto, mkubwa kama yai la njiwa. Kila mwaka hupanda ndege kutoka kisiwani kwao Tonga kwenda huko kupigwa picha ya kichwa, na kila mwaka huambiwa kwamba haujaondoka wala haujakua. Anameza vidonge asubuhi na vidonge jioni. Haendeshi gari, haendi mwambani peke yake kuchuma mwani. Mara mojamoja mkono wake wa kulia huruka wenyewe kama samaki aliyetupwa mchangani, na neno alilotaka kulisema humponyoka. Hayo ameyazoea. Ambao hajawazoea ni watu.

Watu walimuaga mapema mno. Mwaka ule wa kwanza walimletea nguruwe na viazi vikuu, wakalia, wakamwomba msamaha kwa makosa ambayo yeye hata hakuyajua. Alipokataa kufa, wakawa hawajui wamweke wapi. Mchungaji aliendelea kumwombea kwa sauti ya matanga. Mwenye duka alimsemesha polepole, kama anazungumza na mlango uliofungwa.

Mahali pekee alipohesabiwa kuwa mzima ni ukumbi wa akina mama. Kila Jumatano wanawake kumi na wawili hukutana pale kutengeneza ngatu, ile nguo ya gome la mforosadi ambayo bila hiyo Tonga hakuna harusi wala maziko ya heshima. Hufanya kwa zamu: leo wote wanamfanyia huyu, kesho yule. Zamu ya Vaimoana ilikuwa imesogezwa mara tatu. Apumzike kwanza, alisema Kalolaine, kiongozi wao, dada mkubwa wa mumewe. Mwaka huu Vaimoana hakukubali kupumzika. Binti yake Losa anaolewa Desemba, akasema, na anataka nguo ya hatua hamsini, ya kutandikwa njiani maharusi wapite juu yake.

"Sawa, wifi," Kalolaine alijibu.

Kwa miezi minne Vaimoana aliponda magome yake mwenyewe, akitumia mkono wa kushoto siku ambazo wa kulia ulikataa. Kisha wenzake wakakaa naye pande mbili za ubao mrefu, wakayaunganisha magome kwa gundi ya muhogo na kuyasugua rangi ya kahawia. Jumatano ya mwisho ilibaki kazi ya wino mweusi tu.

Fusi, mdogo kuliko wote na mwepesi wa mdomo, alikuwa amepiga magoti kando yake akikoroga wino.

"Mama Losa, wewe una moyo," alisema. "Mimi nisingeweza kutengeneza ya kwangu mwenyewe."

"Ya kwako nini?"

Fusi akainamia bakuli. Wengine nao wakainamia nguo, na Vaimoana akatambua kwamba wote walijua, wote kumi na mmoja, tangu gome la kwanza.

"Losa tutamtafutia nyingine," alisema Kalolaine kutoka upande wa pili. "Hii itakaa kwangu mpaka siku itakapohitajika."

"Siku gani, wifi?"

Kalolaine hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililozidisha hasira. Alieleza kwa upole. Miaka ile tisa iliyopita familia ilikuwa haina kitu, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiomba mikeka na nguo kwa ajili ya maziko yake. Vilivyopatikana vikaishia kwenye misiba ya wengine. Aibu ile hatairudia. Hatamzika mke wa mdogo wake kwa nguo ya kuazima.

"Silia alikufa kwa sukari," Vaimoana alisema. "Peata moyo ulimsimama akichimba mihogo. Wote wawili walikuja kuniaga mimi. Ya kwao nani aliiandaa mapema?"

Akamgeukia Kalolaine.

"Na wewe, wifi, una presha na miaka sitini na minane. Yako tuianze lini?"

Mmoja wa akina mama aliguna, akaziba mdomo kwa kiganja. Dada wa mume hajibiwi hivyo. Yeye ndiye mwenye neno katika nyumba ya ndugu yake, na mke huinamisha kichwa. Vaimoana alikuwa ameinamisha kwa miaka ishirini na sita.

Akachukua brashi. Kwenye nguo ya harusi huandikwa majina ya maharusi na mwaka, na katika ukumbi ule aliyeandika siku zote alikuwa Kalolaine. Vaimoana aliichovya kwenye wino mweusi, ule usiotoka kwa maji wala kwa jua, akatambaa mpaka katikati ya nguo na kuanza kuliandika jina la Losa kwa herufi ndefu kama mkono.

Alikuwa kwenye herufi ya tatu mkono uliporuka. Brashi ikadondoka, wino ukatapakaa. Wanawake wakainuka wote kwa pamoja, mmoja na maji, mwingine na mto.

"Kaeni," alisema kwa meno yaliyoumana. "Hesabuni mpaka sitini."

Fusi akahesabu kwa sauti. Alipofika hamsini na mbili, mkono ukatulia. Vaimoana akaokota brashi kwa mkono wa kushoto na kulimalizia jina la binti yake, halafu la mkwewe, halafu mwaka.

"Umeiharibu," Kalolaine alisema.

"Ya kuzikia, ndiyo. Nikifa, nifunikeni shuka. Mimi nina harusi."

Kalolaine alisimama, kiganja kiunoni, akayatazama yale maandishi yaliyopinda na lile doa. Kisha akachukua brashi nyingine, akapiga magoti kwenye ncha ya mbali na kuanza kuchora mistari, kwa nguvu, kama mtu anayegombana na sakafu. Vaimoana hakumshukuru. Alianza kuchora upande wake. Walifanya kazi hivyo mpaka bakuli likakauka.

Nguo ilipokauka na kukunjwa, Kalolaine aliwaambia waipeleke kwa mama wa bibi harusi. Wanawake sita wakaibeba mabegani. Kwenye ngazi za ukumbi Fusi akauachia upande wake, akaja mbio kumshika Vaimoana kiwiko asijikwae.

Vaimoana akakivuta kiwiko chake.

"Shika nguo," alisema, akatangulia.